Miaka ya Mlingoti

Karakana ya makochi,
Chumba cha nyuma,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa binti yangu Chiriku,

Pokea salamu za baba yako. Hujambo, mama? Kikohozi kimekuachia? Shangazi yako aliniambia kwenye simu kwamba unakohoa usiku kucha na bado hutaki kuvaa soksi. Vaa soksi. Baridi ya huko si ya mchezo. Na goti lake linaendeleaje? Mwambie dada yangu asijitie ujana kwenye ngazi.

Mimi ni mzima wa mwili. Kazi ipo, chakula napika mwenyewe, na nguo nafua mwenyewe pia, ingawa shati langu jeupe sasa lina rangi ambayo sijui niiteje.

Kitandani nimehama. Usicheke. Mimi ninayetengeneza makochi ya watu nalala kwenye kochi letu lile bovu, lenye springi inayochoma ubavu, kwa sababu kitanda kimekuwa kikubwa mno. Vitambaa na sponji vimejaa humu karakanani, ningeweza kulitengeneza kwa siku moja, lakini nimeliacha tu. Asubuhi bado nachemsha chai ya watu watatu. Inayobaki nainywa jioni ikiwa baridi.

Jioni ndiyo ngumu. Enzi zako na mama yako humu ndani, mtu hakuweza kusikia redio kwa maneno yenu. Sasa naisikia yote, mpaka matangazo ya vifo vya watu nisiowajua, na nakaa nawasikitikia.

Barua yako nimeipata. Wewe uliyekuwa ukisimulia safari ya dukani kwa nusu saa, umeniandikia mistari michache tu, na karibu yote ni ya Mlingoti. Umesema alifanya jambo la kikubwa, basi ahukumiwe na wakubwa na aozee hukohuko gerezani. Niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Sikulaumu hata kidogo. Maneno hayo hata mimi nimeyasema, tena kwa sauti, peke yangu humu ndani.

Kesi inasikilizwa Alhamisi. Siku hiyo hakimu ataamua kama Mlingoti ashtakiwe kwenye mahakama ya watu wazima au ya watoto. Wale wanaume wawili aliokuja nao ni watu wazima na kesi yao haina ubishi. Lakini Mlingoti naye akipelekwa huko, anaweza kufungwa maisha, chumba kimoja na wanaume wa kila aina. Mimi nimeitwa kama shahidi wa upande wa mashtaka. Wameniambia nijibu ninachoulizwa, basi.

Siku ile wewe ulikuwa shuleni, na najua habari ulizipata vipande vipande, kwa hiyo acha uzisikie kwangu. Waliingia saluni kuiba wakati mama yako anafunga. Yule msichana aliyekuwa akisuka naye alijificha nyuma ya pazia, na ndiye aliyenisimulia. Mama yako hakupiga kelele. Alimtazama yule mrefu aliyejifunga kitambaa usoni, akamwambia, “Mwanangu, na wewe umo?” Yule akamsukuma. Mama yako akaangukia mguu wa chuma wa mashine ya kukaushia nywele. Yaliyofuata unayajua, ulikuwepo hospitali.

Sasa kuna jambo ambalo hatukukwambia. Halikuwa siri, ila halikupata siku yake. Wewe ulimjua Mlingoti kama yule kijana mrefu aliyekuwa akipita saluni kunywa chai, mama yako akimwongezea sukari. Hukujua kwa nini alikuwa akimwongezea sukari.

Mama yake Mlingoti alijifungua wiki moja baada ya mama yako, hospitali ileile. Uzazi ulimshinda, akabaki wodini, na mtoto akaletwa kwetu amefungwa kwenye taulo. Mama yako akawanyonyesha wote wawili, wewe kulia na yeye kushoto. Wewe hukupenda. Ulikuwa ukimpiga mateke, nilikuona kwa macho yangu, na yeye hakuacha kunyonya hata kidogo, alikuwa na njaa mtoto yule. Alikaa kwetu mpaka alipoota meno. Mama yake hakurudi tena kutoka hospitali. Baadaye baba yake akaja kumchukua, wakahamia upande wa pili wa mji, na sisi maisha yakaendelea.

Kwa hiyo Mlingoti ni mdogo wako kwa wiki moja, Chiriku. Wewe sasa una miaka kumi na saba. Siku ile ulikuwa na kumi na sita, na yeye pia.

Kiwandani kwao anajulikana ana miaka ishirini. Baba yake alimpeleka kufyatua matofali akiwa bado mtoto, akawaambia ameshatimiza kumi na minane, na kwa urefu ule nani angebisha? Cha ajabu, hata mahakamani alipoulizwa alisema mwenyewe kwamba ana ishirini. Alisema kifua mbele, kama vile wangemheshimu kwa hilo. Nilikuwa nimekaa nyuma kabisa, na hasira zangu zote, lakini nikajiuliza ni mtu mzima gani anayejisifia utu uzima.

Halafu nikaziona pingu. Mikono yake ni mirefu lakini haina nyama, pingu zilikuwa zinateleza. Kila zilipoteremka alizipandisha mwenyewe kwa kidole, taratibu, askari asije akamgombeza. Sikutaka kuona vile. Nilikwenda pale nimwone muuaji, nirudi nyumbani nikalale.

Aliyemzaa hayupo. Mama yako hayupo. Baba yake alitoweka tangu siku mwanawe alipokamatwa, na wakili ambaye Mlingoti amepewa na serikali amemtafuta mpaka amechoka. Cheti cha kuzaliwa hana, nimebaki mimi peke yangu ninayejua alizaliwa lini. Na Alhamisi hakuna atakayeniuliza umri wake. Nikinyamaza sitakuwa nimesema uongo hata mmoja. Nimelizungusha hilo kichwani siku nyingi, nikiwa napigilia misumari, nikiwa naosha chombo changu kimoja, na kila nikilizungusha linarudi palepale.

Usije ukadhani nimemsamehe. Sijamsamehe, na sijui kama nitaweza. Nataka aadhibiwe, tena adhabu aisikie. Lakini iwe mahali ambapo atafundishwa, na mtu atamuuliza kila asubuhi alifanya nini na kwa nini. Wale wanaume wawili ndio waliomfundisha kuvunja maduka. Tukimfungia nao, tutakuwa tumemrudisha kwa walimu wake.

Na nimekufikiria wewe. Ulipong'olewa lile jino, hospitali walikataa kuligusa mpaka niweke saini mimi. Jino lako mwenyewe! Wiki iliyopita ulinipigia simu kuniuliza kama maziwa yanayonuka yanaweza kunywewa yakichemshwa. Sikutanii kwa ubaya, mama. Nasema tu kwamba wewe, mwenye akili zako zote, na uliyelelewa na mama yule, bado kuna mambo hatukuachii uyabebe peke yako.

Kwa hiyo Alhamisi nitasema. Na ili waniamini, nitabeba cheti chako cha kuzaliwa, nitaje siku yako mbele ya watu wote, niwaambie wahesabu kuanzia hapo.

Mjomba wako amekwisha kupata habari. Alikuja juzi, hata kukaa hakukaa.

“Shemeji, ukimtetea yule, msiba ule tulikuwa tunamlilia nani?”

“Simtetei. Nasema umri wake tu.”

“Ni kitu kilekile.”

Amesema nikifungua mdomo nisikanyage tena kwake, na nisimwite shemeji. Nilimsindikiza mpaka barabarani kwa mazoea, yeye mbele mimi nyuma, hatukuagana. Ndiye aliyekuwa akija Jumapili tukicheza karata. Leo ni Jumapili, na karata zipo juu ya kabati.

Ndiyo maana nakuandikia leo, usije ukaisikia kwake kwanza. Sikuombi ruhusa. Ningekuomba, ungekataa, nami ningekutii, maana tangu utotoni sijawahi kukushinda. Ila roho inaniuma kukufanyia jambo usilolitaka wakati wewe ndiye mtu pekee niliyebakiwa naye.

Mama yako alimwita mwanangu. Alimjua ni nani, na aliona amekuja kufanya nini, na bado alimwita hivyo. Mimi nitawezaje kusimama mahakamani kwa niaba yake, nikawaacha waamini kwamba alikuwa anazungumza na mtu mzima?

Nisalimie sana shangazi yako na mumewe, na yule mtoto wao wa mwisho anayekunyima usingizi. Msalimie pia jirani yenu mwalimu, mwambie nashukuru kwa kukusaidia hesabu. Mungu akulinde huko uliko, akuondolee kikohozi, na akulainishie moyo wako kadiri anavyoona yeye, si kadiri ninavyotaka mimi.

Kama hutaki kunijibu, usinijibu, nitaelewa. Lakini likizo ikifika, njoo nyumbani. Kitanda chako nimekibadilishia sponji mwenyewe, nimeweka ile nzuri niliyokuwa nimemtengea mteja. Ukiwa umenikasirikia, njoo hivyohivyo umenuna, ukae mezani bila kusema neno. Nimekukosa mpaka kununa kwako.

Ni mimi, anayekupenda kuliko unavyotaka kujua leo,
Baba yako.