Tepu Nyuma ya Dashibodi

Jumatatu, 12 Mei

Lita mbili leo. Wiki iliyopita ilikuwa moja. Nimelinywesha gari maji kabla wapangaji wenzangu hawajaamka, nikalifuta vumbi, nikaondoka nalo kwenda chuo vioo vimepandishwa ili watu wadhani kiyoyozi kinafanya kazi. Hakifanyi. Kilikufa Machi.

Nimeegesha kando ya mhadhiri wa takwimu. Ana kigari cha kubebea mayai. Shahada tatu, na mlango anaufunga kwa kuupiga nyonga. Langu ni Mjerumani. Viti vya ngozi, mbao za kweli kwenye dashibodi, kilomita laki mbili na tisini na sita elfu. Hilo la mwisho silitangazi.

Jumatano, 14 Mei

Limechemka kwenye mzunguko. Mvuke mpaka kwenye kioo. Madereva wa bajaji wamecheka, mmoja akaniuliza kama ugali umeshaiva. Watu wa matairi matatu wananicheka mimi. Sikushuka. Nimekaa ndani ya joto lile dakika arobaini, jasho linatiririka, natazama mbele kana kwamba namsubiri mtu.

Kipindi cha saa nne kimenipita.

Alhamisi, 15 Mei

Nimelikokota mpaka kwa fundi Shabani, nyuma ya maghala. Hiyo anaiita gereji. Ni uwanja wa oili chafu na viti vya basi vilivyong'olewa. Ovaroli lake likivuliwa nadhani linasimama lenyewe.

Hakugusa boneti. Aliingia, akageuza ufunguo nusu bila kuwasha, akatazama dashibodi. Akanieleza, taratibu, kama anamweleza mtoto, kwamba ufunguo ukiwa pale taa zote lazima ziwake kwanza: oili, betri, breki, injini. Injini ikishaunguruma ndiyo zinazima. Hapo unajua taa ni nzima na gari ni zima. Ya injini haikuwaka.

Akafungua dashibodi kwa bisibisi. Nyuma ya ile taa palikuwa na kipande cha tepu nyeusi ya umeme, ukubwa wa ukucha. Akakibandua. Taa ikawaka. Akawasha injini. Taa haikuzima.

Miezi saba naendesha gari linalolia, mdomo umezibwa.

Shabani akauliza kama siku ya kununua niligeuza ufunguo mwenyewe. Sikugeuza. Yule mheshimiwa aliyeniuzia, wa mtaa wa pili, hapa hapa Area D, alilitoa getini likiwa tayari linaunguruma. Alivaa suti. Alinishika bega akaniita kijana wetu. Nilimpa shikamoo mara mbili. Kumfungulia boneti mtu kama yule niliona ni kukosa adabu.

Gasketi ya silinda hedi imekwisha, na huenda hedi yenyewe imepinda. Spea mpaka iagizwe. Alipotaja bei nilicheka. Yeye hakucheka.

Jumamosi, 17 Mei

Nimekwenda Ihumwa kwa dada Eliza. Kwa bajaji. Nilijikunja nyuma nisionekane.

Marehemu baba alituachia viwanja viwili vilivyopakana, kila mmoja kimoja. Changu nilikiuza Oktoba nikanunua gari. Kila siku magari meusi ya wakubwa yanapita mji huu, na mimi nikaona siwezi kuwa wa kukanyaga vumbi daima. Yeye chake anajenga. Mwalimu wa shule ya msingi, tangu mwaka juzi. Chumba kimoja kimeisha, cha pili kimefika kwenye linta. Jumamosi anajitwisha matofali mwenyewe kuokoa hela ya kibarua. Kucha hana tena. Huwa namdharau kidogo, niseme ukweli. Mwanamke mwenye diploma anakoroga zege.

Aliyenunua changu ameshamaliza uzio. Ana geti jeusi. Sikulitazama sana.

Eliza hakuuliza habari za gari. Aliuliza ada. Nikamwambia nimelipa. Akasema haya, akaendelea kupepeta mchele.

Sikulipa. Sehemu ya ada ninayotakiwa kulipa mwenyewe imo ndani ya lile gari tangu Februari: pampu ya maji, shokapu za mbele, betri. Bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu, nalo limefuata huko huko. Mwisho wa kulipa ni Ijumaa, tarehe sita Juni. Asiyelipa hapati namba ya mtihani, na huu ni mwaka wangu wa mwisho.

Jumatano, 21 Mei

Nauza. Tangazo nimeliandika mara nne. "Limetunzwa, halina usumbufu." Picha nimepiga alfajiri mbele ya geti la jirani, maana letu ni la mabati.

Simu kumi na moja kufikia jioni. Wanafunzi watupu. Kila mmoja anataka alijaribu kwanza mpaka Singida, na nauli ya kuja Area D hana. Wanataka kupigwa picha kwenye usukani. Takataka.

Ijumaa, 23 Mei

Wamepiga simu kutoka Kibaigwa. Mzee Ndahani, mnunuzi wa mahindi. Anaongea kwa nguvu kama watu waliozoea kushindana na malori, na Kiswahili chake nusu ni Kigogo. Hakuuliza kilomita. Hakuuliza mafuta. Aliuliza rangi, na kama milango yote minne haijawahi kugongwa.

Nilimwelewa mara moja. Mavuno yameingia, hela imejaa kwenye soksi, mzee anataka aonekane Jumapili kanisani. Bei niliyotaja hakuipunguza hata shilingi. Mtu wa aina hiyo hununua kwa macho.

Anakuja Jumamosi ya wiki ijayo. Ameomba nisiliwashe gari mpaka afike. Sikumuuliza sababu. Mahindi yamemzoesha masharti.

Jumapili, 25 Mei

Nimerudi kwa Shabani, nikamwambia arudishe tepu. Alikuwa ananawa kwa sabuni ya unga. Akanawa mpaka akamaliza, akajifuta.

"Huo uchafu nimeutoa mimi," akasema. "Siurudishi."

Nikamwambia nitamlipa. Akasema hela yangu anaipenda, kazi hiyo haipendi. Fundi wa uwanjani, kiatu kimoja hakina kamba, ananihubiria.

Nikamjibu kwamba muuza mahindi hawezi kujua taa ngapi zinatakiwa kuwaka. Akaingia chini ya basi alilokuwa anatengeneza.

Jumatatu, 26 Mei

Nimefanya mwenyewe. Bisibisi nimenunua, tepu nimenunua. Nilimwona alivyofungua, si kazi ya ajabu.

Dashibodi sasa imetulia. Nzuri kabisa.

Nilikaa kwenye kiti cha ngozi nikawaza kama yule mheshimiwa alibandika kwa mkono wake au alituma mtu. Na kama jioni ile, mimi nimeshatoka getini kwake nimekenua meno, alicheka. Lazima alicheka. Mimi ningecheka.

Jumamosi, 31 Mei

Ameshafika, ameshaondoka. Naandika ili lisinizunguke kichwani.

Saa mbili asubuhi niliwasha injini. Likiwa baridi linatoa moshi mweupe dakika kumi nzima, nisingeweza kumwachia alione hilo. Likaacha kutoa moshi, nikazima, nikaongeza maji, nikasubiri.

Alikuja saa tatu, amekaa mbele ndani ya lori lililotoka kushusha mahindi mjini. Koti la suti juu ya fulana. Makatambuga ya tairi. Nikamwamkia shikamoo kwa mdomo, moyoni nikiwa nimeshamaliza kumhesabu. Akaitikia marahaba vizuri tu, akaja mbele ya gari, akaweka kiganja juu ya boneti. Akakiacha pale.

"Limeamka mapema," akasema.

Nikadanganya kwamba nililisogeza kidogo, lilikuwa limeziba njia. Hakubisha. Alizunguka milango yote minne, akaipapasa, akafungua na kufunga kila mmoja. Nikaona amependa. Kisha akaingia, akageuza ufunguo nusu, akainamisha kichwa. Midomo yake ilikuwa inahesabu.

Nikajifanya nafuta kioo cha pembeni.

"Taa ya injini haiwaki," akasema. "Imekufa au imeuawa?"

Nikasema labda ni balbu. Hakukasirika. Angekasirika ningepata la kumjibu. Alishuka, akafunga mlango kwa upole, akanieleza shida yake. Analo jingine la aina hii hii, rangi hii hii. Lori liligonga lake kwa nyuma pale sokoni, bodi yote ikawa chapati, injini haikuguswa. Tangu hapo anatafuta jingine lililokufa injini, achukue bodi. Alipoona tangazo la mwanafunzi anauza Mjerumani bila kutaja kilomita, alijua injini imekwisha. Ndiyo maana hakuuliza; kunikataza kuwasha ilikuwa kunipima mimi. Hela yote alikuwa nayo ndani ya koti.

"Ubovu wa gari niliutegemea," akasema. "Wako sikuutegemea."

Akauliza kama baba yangu yupo. Nikamwambia alishafariki. Akasema pole, akapanda lori.

Jumapili, 1 Juni

Sikutoka. Nimekula mkate mkavu. Nimejidharau kutwa, na mazoezi ya kutosha nilikuwa nayo, ya kuwadharau wengine.

Jumanne, 3 Juni

Nimebandua tepu. Kipande chenyewe nimekibandika hapa pembeni mwa ukurasa. Kinashika vizuri.

Kisha nikapiga Kibaigwa. Alipokea mara ya tano. Nikamweleza yote mfululizo, gasketi, lita mbili za asubuhi, moshi mweupe, kwamba niliwasha saa mbili, kwamba tepu ni mkono wangu. Hata habari ya mheshimiwa na suti yake nikasema, ingawa hakuuliza. Nilisikia malori nyuma yake, na mtu anaita namba za magunia.

Akataja bei. Haifiki nusu ya ile ya kwanza. Inatosha ada, na kidogo juu.

Nikauliza, kwa sauti ambayo sikuipenda, kama haiwezi kupanda.

"Nyingine imebaki kwenye tepu," akasema.

Nikamshukuru. Kulisema neno hilo kwa mtu wa makatambuga kumeniuma kuliko bei.

Alhamisi, 5 Juni

Wamelichukua. Lori lilirudi nyuma mpaka kwenye tuta la udongo karibu na mzunguko, likafunguliwa nyuma, gari likasukumwa kupanda. Waliosukuma ni madereva wa bajaji, wale wale. Safari hii hakuna aliyeuliza ugali. Mimi nilishika usukani. Mmoja alinionya nisikate kona sana, nikamtii.

Lilionekana dogo juu ya lori, kati ya punje za mahindi. Mzee Ndahani aliniambia nihesabu hela mbele yake. Nikahesabu. Aliponipa mkono nilimwamkia upya, shikamoo, sijui kwa nini, tulikuwa tunaagana. Akaitikia.

Nimelipa ada saa tisa alasiri. Dada wa dirisha la malipo hata hakuinua uso. Namba ya mtihani ninayo, nimeikunja ndani ya kitambulisho.

Jumamosi, 7 Juni

Nimehamia kwa Eliza. Chumba cha Area D nilikuwa nalipia jina la mtaa tu.

Ihumwa ni vumbi na upepo wa baridi, na jirani mwenye geti jeusi anafuga mbwa wajinga. Nalala upande wa pili wa pazia, chini ya shelfu la madaftari ya darasa la nne.

Jana jioni nilimwambia dada yote, tangu mwanzo. Alinisikiliza huku anasahihisha. Nilipofika kwenye uongo wa ada akasema alikuwa anajua, rafiki yake yuko ofisi ya ada pale chuoni. Nikamuuliza sasa kwa nini aliniuliza siku ile.

"Nilitaka nione," akasema, akafungua daftari jingine.

Leo asubuhi macho yamefunguka yenyewe saa kumi na moja na nusu. Nikavaa, nikachukua dumu la lita mbili, nikajaza, nikatoka nje. Nilifika mpaka katikati ya uwanja ndipo nikakumbuka. Nikasimama kidogo na dumu langu. Kisha nikaenda kuyamwagilia matofali ya Eliza, yale ya saruji ya wiki hii, ambayo yasiponyweshwa hupasuka. Yakanywa yote, nikarudi kuchota tena.