Kwa Mama Perez, Aliyenirudishia Boke na Gati

Mama Perez,

Ni mimi Mwita, yule fundi wa magari wa Isebania anayechechemea. Siku tulipokuzika huko kwenu Sindo walisema wengi: mchungaji, chifu, walimu uliofundisha nao chekechea. Nami nikapewa nafasi. Nikashika maikrofoni, nikasema, "Huyu mama..." kisha sauti ikakataa, nikarudi kuketi. Tangu siku hiyo maneno yamenikaa kifuani. Wacha niyaandike.

Nianze na habari za wasichana, maana wewe ungeuliza hizo kabla hata ya kupokea kiti. Boke yuko gredi ya sita, amekuwa mrefu kumpita dada yangu Robi. Gati ameng'oka meno mawili ya mbele lakini hajapunguza maneno. Wako salama, wanakula, wanagombana.

Sijawahi kukueleza vizuri nilikuwa na hali gani kabla hatujajuana. Mama yao alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Halafu lori nililokuwa nikilitengeneza ng'ambo ya mpaka, Sirare, likachomoka kwenye jeki, likaniangukia. Nililazwa huko Tanzania miezi mingi, paja limevunjika, simu imepotea, kichwa hakijui leo ni siku gani. Huku nyumbani ikavuma kwamba nimekufa. Jirani niliyemwachia watoto aliwalisha mpaka akachoka, akawakabidhi kwa msamaria aliyekuwa akipita, naye akawapeleka kwenye makao ya watoto mahali fulani karibu na ziwa. Niliporudi na mikongojo, jirani alikuwa amehama na mlango wangu una kufuli ya mtu mwingine. Nilizunguka Migori yote nikiuliza. Kila ofisi ilinielekeza kwa ofisi nyingine. Robi alipokuja kunitunza alinikuta nimeacha kunyoa ndevu na nimeacha kuuliza.

Kumbe wewe ulikuwa umeanza kunitafuta kabla hujanijua.

Ulinisimulia mwenyewe. Kamati ya watoto ya kaunti ndogo ilikwenda kukagua yale makao, nawe ulikuwa mmoja wa wakaazi waliochaguliwa kukaa kwenye kamati. Wenzako wakakagua mapaa, vitanda, vyoo, tangi la maji. Wewe ukaketi chini na watoto, ukawauliza mmoja mmoja kwao kunapikwa nini. Boke akakujibu, "Baba anapika ugali, lakini inaungua."

Anapika. Hakusema alikuwa anapika. Ukainuka, ukaomba faili yake. Ilisema mayatima, wazazi wote wamefariki. Ukamuuliza msimamizi, "Nani aliona kaburi ya huyu baba?" Hakuna aliyeliona. Mtu mmoja kwenye kamati akasema watoto hao ni wa Migori na ninyi ni wa Homa Bay, hilo waachiwe wenyewe. Ukamwambia, "Kaunti ni ya watu wakubwa." Siku hiyohiyo ukampigia chifu wetu.

Nakumbuka ulivyofika gereji. Nilikuwa nimeketi juu ya tairi, na madereva wamesimama wakingoja. Ukaniangalia juu mpaka chini, ukasema kwa ile lafudhi yako ya Kijaluo, "Wewe ndiye Mwita ambaye amekufa?"

"Nani amekuambia nimekufa?"

"Imeandikwa kwa faili. Lakini mimi siamini faili kama mtu anaweza kuonekana kwa macho." Kisha ukataja majina yao, Boke na Gati, ukaeleza wanaendelea vipi, na kwamba Gati amekuwa na kikohozi lakini kimepona. Nililia mbele ya wanaume wote wale, Mama. Hukunipangusa machozi wala hukuniambia ninyamaze. Ulisimama tu mpaka nikamaliza.

Nilidhani wiki hiyo nitawachukua. Badala yake nikaitwa mbele ya kamati. Msimamizi wa makao hakuwa mtu mbaya, najua sasa. Aliuliza kwa woga wa kweli: mwanamume asiye na mke, anayetembea kwa mikongojo, atawalea vipi wasichana wawili? Nikakutazama, nikitegemea utanitetea. Ukasema, "Ni swali nzuri. Mwita, jibu."

Nikajibu nilivyoweza. Kamati ikaamua waje nyumbani wakati wa likizo kwanza, nyumba iangaliwe, Robi akae nasi, halafu ripoti ipelekwe kwa hakimu. Nawe ukashauriana na afisa wa watoto wa huku kwetu, akakuruhusu mfuatane naye kwenye ukaguzi, kwa sababu wasichana walishakuzoea. Mlikuja bila kupiga simu. Ulifunua sufuria. Uligusa blanketi kuona kama lina unyevu. Ulimpeleka Boke nje mkaongea wawili, na sikuruhusiwa kujua mlichoongea.

Na sasa nifike pale panaponiuma.

Likizo ile ya pili Robi alikuwa amekwenda kliniki. Mimi nikavuka kwenda Sirare kutafuta spea, nikamwambia Boke amwangalie mdogo wake. Boke akaenda kuteka maji. Mlipofika mlimkuta Gati peke yake kando ya barabara kuu, malori yanapita, anachezea changarawe karibu na watu wa kubadilisha pesa. Niliporudi ulikuwa umembeba, na afisa anaandika. Nilikusihi. Nilisema ni saa moja tu, ni mara moja tu. Nikakuambia, "Mama, mimi nilidhani wewe ni rafiki yangu."

"Mimi ni rafiki ya Gati," ukasema. "Wewe ni mtu mkubwa."

Ripoti ikaenda kama ilivyokuwa. Wasichana wakarudishwa makaoni muhula mwingine mzima. Nilikuchukia muhula huo wote, Mama Perez, na sikukuficha. Ulipiga simu kuuliza hali yangu, nikakata. Ukapiga tena wiki iliyofuata, nikakata tena. Hukuacha kupiga.

Sijui ni siku gani hasa nililainika. Nilikuwa chini ya gari, mikono ina grisi, nikiwaza vile watoto wangu walivyochukuliwa mara ile ya kwanza, na yule msamaria. Hakuna aliyewazuia mlangoni. Hakuna aliyeandika chochote, hakuna aliyeuliza baba yuko hospitali gani. Kama siku hiyo angekuwepo mtu mmoja mkaidi kama wewe, mtu wa kusimama mlangoni na kuudhi watu kwa maswali, Boke na Gati wasingefika kule. Sasa mtu huyo amepatikana, nami nimemkasirikia. Nikatoka chini ya gari, nikakupigia mimi. Ukasema tu, "Haya. Tuangalie muhula ujao."

Muhula uliofuata nilisogeza kitanda, nikahamishia benchi la kazi nyumbani, nikaanza kufanyia kazi ndogondogo hapo. Mama mwenye duka la jirani alikubali mbele ya afisa kwamba atawaangalia Robi asipokuwepo. Hakimu alisoma kila kitu, pamoja na ile ripoti mbaya, kisha akasema watoto waende kwao. Wewe ulikuwa umeketi nyuma. Nilipogeuka nikuone, ulikuwa umeshatoka, una kikao kingine.

Tangu uondoke mambo yamesogea. Kamati yenu imepitia faili zote za yale makao, na watoto kadhaa wamerudi kwa watu wao. Yule msimamizi siku hizi hapokei mtoto kabla ya kumpigia afisa. Na kamati ya huku kwetu imenichagua, Mama, nikae kama mzazi. Mimi! Kikao cha kwanza nilivaa shati alilonishonea Robi, nikanyamaza mpaka mwisho. Cha pili niliongea.

Wamenikabidhi jambo moja ulilolianza. Kuna msichana kwenye yale makao, jina lake silitaji hapa, ambaye faili yake ina neno moja tu, jina la soko: Ogwedhi. Anakumbuka ng'ombe wengi na nyanya anayeuza maziwa. Nimekwenda sokoni huko mara mbili na barua ya afisa. Mara ya pili mama mmoja anayeuza uji aliniambia nyanya huyo yuko hai, amehamia kijiji cha ng'ambo ya mto. Kesho tunakwenda, mimi na afisa.

Nakuahidi hivi. Nikimkuta nitamwambia mjukuu wake anaishi, naye atalia, nami nitasimama mpaka amalize. Kisha nitauliza maswali yote, hata yale ya kuudhi: mtoto atalala wapi, nani yuko nyumbani mchana, wewe ukiugua itakuwaje. Akinikasirikia nitavumilia. Akikata simu, nitapiga tena.

Nind gi kwe, Mama. Pumzika kwa amani.

Wako,
Mwita, baba yao Boke na Gati