Mama Mkwe Anasifia Taa Iliyozimika

Mpendwa Mshauri, naomba unisaidie maana siri hii imenielemea. Mume wangu ndiye fundi wa mtambo wa sola wa kijiji chetu, alisimamisha nguzo na kuvuta waya nyumba kwa nyumba, na umeme ulipofika taa ya kwanza aliiweka chumbani kwa mama yake, akasema mama amemlea kwa moshi wa kibatari, sasa naye afaidi. Basi juzi jioni betri zilileta hitilafu, kijiji kizima kikawa giza, nikaingia kumwangalia mama mkwe, naye kusikia hatua zangu akadhani ni mwanawe, akasema, “Baba, taa yako inang’aa kweli, Mungu akubariki,” nami nikajua kumbe haoni.

Nilipombana akalia, akanishika mkono, akasema, “Mkwe wangu, enzi za kibatari sote tulikuwa tunapapasa, nani angenijua? Sasa napapasa peke yangu. Usimwambie, utamvunja moyo.” Nikaapa, Mshauri. Lakini mume wangu akimwona anashika ukuta anadhani mwanga ni hafifu, kila mara anafunga balbu kubwa zaidi, na majirani wananung’unika kwamba umeme wa betri ni wa kugawana na fundi anampendelea mamaye. Nampenda mama huyu, hajawahi kuniita mtoto wa watu. Nikisema nimevunja kiapo, nikinyamaza namdanganya mume wangu. Nifanyeje?

Mke wa Fundi

Pole sana, Mke wa Fundi. Una mama mkwe ambaye wenzako wanamtafuta kwa tochi. Ila nikukaripie kidogo: kiapo umekilinda, macho yake je, anayalinda nani? Mficha uchi hazai. Mimi si daktari, lakini huenda ni mtoto wa jicho tu, na wengi wakitolewa huona tena. Huenda siyo. Hutajua kwa kukaa hapo na kulia.

Usimnong’oneze mumeo kwa mlango wa nyuma. Mrudie mama, mwambie siri yake imekushinda, na umtake aseme mwenyewe, wewe ukiwa umekaa kando yake. Akikataa, sema wewe, mbele yake. Atanuna, na utamvumilia, ndiyo maana ya kupendana. Anaogopa taa itaonekana imepotea bure? Mwambie bila taa hiyo msingejua kamwe kwamba haoni.

Mumeo naye ataumia. Mwache aumie leo, kuliko aendelee kupanda ngazi na balbu mkononi huku nyinyi wawili mnajua. Ile balbu kubwa aitoe, majirani wapate haki yao. Kisha afunge chumba cha betri, amshike mama yake mkono, waende kliniki ya macho. Mtambo ukilala siku moja hakuna atakayekufa. Mama yake amekaa gizani vya kutosha.