Injini ya Mashua ya Yarow

Kipini, 2 Juni 1998

Abaayo, dada yangu Abshiro,

Assalam aleikum. Natumaini wewe na watoto mu wazima. Sisi huku tunaendelea, ila mke wangu Sadiyo bado anamlilia kaka yake Salah kila akisikia injini ikiwashwa.

Najua hatujaandikiana tangu mazishi. Mashua yangu ilivutwa hadi huku na imelala matopeni tangu mafuriko ya Novemba, tangu siku ile tulipokuwa tukivusha watu Garissa, injini ikazima, tukagonga nguzo ya daraja, mto ukamchukua Salah. Injini ilishika kabisa. Haigeuki hata kwa mtaimbo. Tanga ninalo, lakini kuingia mdomo wa mto kwa tanga peke yake ni kujitafutia kifo.

Nasikia sasa karakana unaiendesha mwenyewe. Watu wananiambia ninunue injini ya shamba, ni rahisi. Wewe uliishi na marehemu miaka kumi na miwili katikati ya injini. Nichagulie.

Shemeji yako,
Yarow

Garissa, 20 Juni 1998

Shemeji Yarow,

Waaleikum salaam. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilijifungua tarehe tisa. Ni mvulana. Eda yangu imekwisha. Wale watatu hawajambo. Issack ameng'oka jino la mbele.

Usinunue injini ya shamba. Ile imezoea maji ya mto. Ukiipitishia maji ya bahari itaoza ndani huku rangi yake inang'aa. Marehemu alikuwa akiuliza swali moja kabla ya bei: "Maji yake matamu au ya chumvi?" Mteja akisitasita, yeye alichovya kidole ndani ya bomba, akaramba. Nilikuwa namgombeza.

Wala usitake kubwa. Injini nzito itakalisha tezi, nyuma ya mashua, majini na mashua haitatii tanga. Ninayo hapa ya silinda mbili, nguvu za farasi kumi na sita, ya baharini hasa, ililetwa kwa lori kutoka Kismayu. Nipimie upana wa magogo inapokalia injini, na unene wa shafti ya pangaboi.

Jambo moja. Mazishini uliwaambia wazee kwamba pampu ya maji aliyokupa Salah asubuhi ile ndiyo iliyoshindwa, injini ikachemka na kuzima. Tangu siku hiyo wateja wanavuka barabara wakikaribia kwetu. Sikubishi. Ila kama pampu bado imo, naweza kuitengeneza niifunge kwenye hii. Itazame kwanza kama ni yake. Unajua aligonga nukta kwenye kila chuma alichokitengeneza, moja kwa kila mtoto.

Niandikie kwa mkono wako.

Shemeji yako,
Abshiro

Kipini, 8 Julai 1998

Abaayo Abshiro,

Assalam aleikum, na hongera ya mtoto. Barua hii nampa Sadiyo, anakuja kumbeba mpwa wake. Usimlishe sana, nauli ya basi isije ikapanda.

Upana inchi kumi na tisa, shafti inchi moja na robo.

Pampu ni yake, wallahi. Niliifunga mwenyewe kabla hatujaondoka. Jana nimepangusa kutu, nukta tatu zikanitazama: Issack, Hinda na Ramlo. Abaayo, usihuzunike. Hata fundi bingwa hukosea. Mimi nilishamsamehe.

Shemeji yako,
Yarow

Garissa, Ijumaa, 24 Julai 1998

Yarow,

Salaam ni haki ya kila Mwislamu, basi assalam aleikum. Afya yako siulizi.

Asubuhi ile, kabla hajakuletea pampu, nilimwambia Salah nina mimba ya wa nne. Alichukua nyundo, akaongeza nukta kwenye pampu iliyokuwa mezani. Tuk. Kisha akanipaka grisi puani, akacheka. Hakuna chuma kingine duniani chenye nukta nne za mkono wake. Alasiri alipanda mashua yako, ukamwambia umeshaifunga.

Mwezi wa nne Bare, mwenye shamba la ndizi ng'ambo ya mto, alileta injini yake. Nilifungua, nikahesabu nukta kwenye pampu yake. Nikahesabu tena kwa kidole. Nne.

"Ulinunua wapi hii?"

"Kwa shemeji yako, siku ile ile ya ajali. Alisema yake ya zamani bado inasukuma. Mimi nikaiweka hadi maji yapungue."

Nilikaa na maneno hayo. Nikajifungua nayo. Nikanyonyesha nayo. Nikakuandikia kwa upole, kwa sababu kinywa chako niliwahi kukisikia, nikataka na mkono wako.

Leo baada ya sala, Mzee Bishar ameisoma barua yako mbele ya wazee wale wale. Pampu ilikuwa juu ya mkeka, Bare ameketi kando yake. Alipofika kwenye "nilishamsamehe", aliigeuza pampu, akahesabu nukta kwa sauti. Wazee wanakuita, watakwambia la kwao. Mimi langu nimelipata. Wateja watatu wamevuka barabara leo, kuja upande wetu.

Sadiyo alikuwa nyuma ya pazia na mtoto mapajani. Amesikia yote. Usimngoje kituo cha basi.

Injini ya silinda mbili nimeipima kwa vipimo vyako. Inakaa barabara, kama iliyozaliwa humo. Iko mlangoni, nimeiwasha, inalia vizuri. Kwako haiuzwi, na Garissa hii hutapata fundi wa kukuuzia nyingine.

Tanga unalo.

Mjane wa Salah,
mama wa wanne