Kikombe Kilichojaa

Kwako mdogo wangu Zaituni,

Asalaam alaikum. Mimi ni mzima, baridi ya huku haijaniua, na mgongo unaniuma palepale unapopajua. Nauliza hali yako na ya kuku wako. Hali ya Mama sikuulizi, kwa sababu kila siku unaniletea jibu na nimeacha kuliamini.

Nimeandika kwa mkono nikampa mjukuu wa fundi cherehani, anakuja Ujiji likizo. Ningepiga simu ungelia, na wewe ukilia mimi hunyamaza. Kaa chini usome yote.

Unakumbuka tulivyoanza. Ulitaka kuja huku kufanya kazi yangu ya kutunza wazee, nikakwambia nusu ya kazi hii ni kuandika. Kila tukimhudumia mzee tunaandika kwenye daftari tulichomfanyia, na yapo maneno yanayopendwa. Nikakufundisha moja moja. "Support", kumshika mtu asimame, nguvu zako uziongeze kwenye zake. "Encourage", kumtia moyo kwa lile linalomshinda, umbembeleze mpaka alifanye. "Reassure", kumtoa hofu. "Comfort", kumfariji, ukae naye kwenye maumivu yake. Na "praise", kumsifu akijitahidi, hata kama amemeza kijiko kimoja tu. Ukayaandika ukutani kwa chaki hapo nyumbani Buzebazeba. Nikakupa na zoezi: kwa kuwa wewe ndiye unayemtunza Mama tangu apate kiharusi, kila siku uniandikie kwa Kiingereza ulichomfanyia. Ukiyamudu, nitakuandikia barua ya kukupendekeza kwa msimamizi wangu.

Umeyamudu. Jumanne, saa nane mchana ya huko, uliniandikia: "Supported Mama to sit. Encouraged her to drink. Comforted her." Yaani ulimkalisha, ukambembeleza anywe, ukamfariji. Sikuona kosa hata moja.

Saa nane hiyohiyo jirani yetu, Mama Ashura, alikuwa mlangoni kwetu na bakuli la samaki, migebuka. Alinipigia jioni. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Mwanangu, mie si mtu wa kuchonganisha," alisema. "Nimemkuta peke yake, kalala ubavu uleule wa jana, midomo imepasuka. Kikombe kiko juu ya stuli, kimejaa pomoni, inzi kafia humo. Ananiomba maji, amazi, amazi. Nimemnywesha vikombe viwili, vyote kavimaliza."

Nikamuuliza wewe ulikuwa wapi.

"Sijui, mwanangu. Nimekuta mlango umefungwa komeo kwa nje."

Mimi najua. Ulikuwa mjini kwa mpiga picha, unapiga picha ya pasipoti. Uliiweka mwenyewe kwenye simu watu waione. Umesuka, umependeza, na shati nililokutumia limekukaa vizuri.

Usidhani nimeshangaa. Mama Ashura aliposema kikombe kimejaa sikuhitaji kuuliza zaidi, kwa sababu kikombe hicho nakijua. Katika chumba cha tisa hapa kazini kulikuwa na bibi mmoja, mwalimu mstaafu, mikono inatetemeka, hawezi kuinua hata kijiko. Asubuhi tulikuwa wawili kwa wazee kumi na wanane. Nilikuwa naingia, naweka kikombe mezani, nasema kunywa bibi, natoka. Kisha naandika kwamba nimembembeleza anywe. Mchana naandika hivyohivyo. Jioni nachukua kikombe kimejaa, namwaga kwenye sinki, naandika tena. Nilifanya hivyo siku nne. Siku ya tano ulimi ulikuwa umemkauka, hata jina lake hawezi kulitaja, na alifia hospitali.

Wakuu wakaja kukagua daftari. Wakakuta upole umejaa ukurasa hadi ukurasa, kwa mwandiko wangu. Msimamizi akanishika bega, akanisifu mbele ya wenzangu kwa kumbukumbu safi. Nikasema asante. Wiki hiyohiyo ndipo nilipoanza kukufundisha wewe.

Wewe ni mvivu na mwongo, Zaituni, na nimekuzidi kwa yote mawili. Tofauti ni kwamba yule bibi hakunizaa.

Na usinijibu kuwa umechoka. Najua umechoka. Unafua mashuka kila siku, unamgeuza peke yako, na kaka yetu wa Mwandiga analeta galoni la mawese, anatoa pole, anarudi kwake kabla jua halijapinda. Nimelijua hilo muda wote. Badala ya kukutafutia mtu wa kukusaidia, nikakupa maneno ya Kiingereza. Hilo ni langu, nalibeba, lakini halimwondolei Mama kiu.

Barua ya kukupendekeza niliiandika kweli. Ilisema una huruma na subira, na kwamba mzee yeyote angekuwa salama mikononi mwako. Nilikuwa nimeikunja tayari nikisubiri msafiri. Usiku ule baada ya simu ya Mama Ashura niliichana, na sitaandika nyingine. Najua ulikuwa unaingojea kuliko kitu chochote. Wazee wa watu hawa tayari wana mimi, inawatosha.

Badala yake nimempa huyo mjukuu wa fundi akuletee kikombe chenye mfuniko na mdomo mrefu. Mkalishe, mwinue kichwa, mshikie. Ngoja ameze, umpe tena. Inachukua dakika ishirini. Nimeipima mwenyewe kwa mzee mwingine, baada ya yule bibi kufa, kwa sababu nilitaka kujua ni kiasi gani nilimnyima.

Futa ule ukuta. Usiniandikie Kiingereza tena. Kila jioni niandikie neno moja, kanywa au hajanywa. Ukiandika kanywa, nitampigia Mama Ashura kuuliza, na nitafanya hivyo kila siku mpaka ukome kunichukia au mpaka nikome kuogopa.

Mpe Mama Ashura shikamoo yangu na umwambie nimeshukuru, usimnunie. Shangazi anayeanika dagaa Katonga mwambie aje akushike mkono siku mbili kila wiki, nimeshazungumza naye na amekubali. Kaka wa Mwandiga mwambie nimesema asilete mawese, alete mikono yake, alale hapo, amgeuze mama yake.

Mama usimpe salamu zangu. Mpe maji.

Dada yako,
Mwajuma