Boti ya Kaka Shomari

Jumatatu, 2 Desemba

Maji ndani ya boti tena. Ndoo nane kabla ya chai. Jana zilikuwa sita. Kaka Shomari anasema boti za faiba zote hutoa jasho. Mimi nilifundisha darasa la tatu miaka ishirini na tisa, boti sikufundisha.

Wiki ya tatu sasa tangu aniuzie. Kaka kwa mama mkubwa, tumelelewa nyumba moja. Shamba la marehemu mama kule Kiwangwa, mikorosho na mananasi, limegeuka boti nyeupe yenye mstari wa buluu. Nikikaa kulifikiria hilo napata kizunguzungu, kwa hiyo sikai. Mume sina, shamba sina tena. Uzee wangu wote umo humo ndani.

Jumamosi kazi ya kwanza ya maana. Ustadhi wa madrasa anawapeleka watoto matembezi kwenye fungu la mchanga. Watoto ishirini na wawili. Nimesugua viti mpaka vidole vimenyauka.

Jumanne, 3 Desemba

Fundi Maganga kaja kubadilisha oili ya mashine. Yeye Mnyamwezi, mimi Mzaramo, watani, kwa hiyo salamu zetu ni matusi. Kasema nimekonda vizuri, ana hamu ya pilau la msibani kwangu. Nikamjibu kwamba babu zake walikuja hapa na mizigo kichwani wakasahau njia ya kurudi. Tumecheka sana. Anajua kunichangamsha, yule.

Amenikumbusha siku ya kununua. Tulikuwa watano ufukweni: mimi, Kaka Shomari, Maganga, na wazee wawili mashahidi. Maganga kasimama nyuma ya boti, kapaza sauti: "Mzaramo ananunua jeneza! Ubao wa nyuma huu umeoza kama meno ya bibi yake!" Wazee walicheka mpaka wakashika mbavu. Kaka Shomari ndiye aliyecheka zaidi. Nami nikacheka, nikatoa mkono, ikasomwa Fatiha.

Jumatano, 4 Desemba

Ndoo kumi na moja.

Alhamisi, 5 Desemba

Wifi yangu, mke wa Kaka Shomari, kaja asubuhi. Hakuketi. Hata ndala hakuvua. Kasema watoto wao hawataenda Jumamosi, wana homa. Wote watatu? Wote watatu. Alisema akitazama ukuta.

Alasiri nimetoka kununua nazi. Nimewaona wote watatu nyuma ya msikiti wakiruka kamba. Yule mdogo kanikimbilia, kanishika mkono, shikamoo shangazi. Mkono wa baridi kabisa.

Nazi sikununua. Nimerudi nyumbani. Naogopa kuandika ninachofikiri. Naandika tu: kwa nini wake peke yao?

Ijumaa, 6 Desemba

Baada ya swala nimekwenda na kisu cha jikoni.

Nimegonga ule ubao wa nyuma, unaobeba mashine. Pembeni unalia vizuri. Katikati hausemi kitu, kama unagonga boga bovu. Nimekwangua rangi. Chini yake puti ya kuzibia, mpya. Nimechoma. Kisu kimezama mpaka kwenye mpini, nilipokivuta kikatoka na uji mweusi. Bolti za mashine zinacheza. Nimefunua sakafu: mbao za chini, zinazoshikilia boti yote, nazo zinameguka kwa vidole.

Mashine ile wanaume wanne wanaibeba wakihema. Ingeng'oka huko kwenye maji marefu, nyuma pangebaki wazi. Na watoto ishirini na wawili ndani.

Hapana. Kumi na tisa.

Kisha nimekwenda kwa ustadhi kufuta safari. Nimemwambia mashine ina hitilafu. Mpaka sasa sijui kwa nini nimeongopa. Aibu si yangu.

Jumamosi, 7 Desemba

Nimemkuta Kaka Shomari barazani, anakunywa chai kwa mihogo. Shikamoo kaka. Marahaba mdogo wangu. Nimemweleza nilichokiona. Nilitaka akatae. Naapa nilitaka akatae, akasirike, aniite mwongo.

Hakukataa. "Kasoro ilitajwa, mdogo wangu. Maganga aliitaja mbele ya mashahidi. Wewe ukacheka, ukatoa mkono."

Nimemuuliza kuhusu watoto wake. Kakoroga chai iliyokwisha kukorogwa. Kasema mtu ana hiari na wanawe. Ndani, wifi hakugonga hata sufuria.

Kisha kanishauri. Nipake rangi, nitafute mtu wa Dar, niiuze. Sauti ile ile aliyokuwa akinifundishia kuogelea.

Pale sikuweza kusema. Nasema hapa: mwizi. Mwizi, na muuaji aliyekosa tu nafasi.

Jumapili, 8 Desemba

Maganga alikuwa gereji, kapiga magoti mbele ya mashine ya watu. Kaniona, kaanza matusi yake. Nimemkatiza. Nani alikutuma useme vile siku ile?

Kafuta mikono muda mrefu. Shomari, kasema. Shomari alimwambia: wewe mtani, huwezi kukasirikiwa, yaseme yote wazi, mimi niwe nimetoka kwenye dhima.

"Nilidhani utastuka, Mwalimu. Mtani, sawa, lakini mimi pia ni fundi. Nilidhani utalikumbuka hilo."

Nimemuuliza: kesho yake je? Wiki tatu unapita mlangoni kwangu, hukuweza kusimama dakika moja ukaniambia bila kucheka? Jumanne tu ulikuwa umeinamia mashine yangu kwa ajili ya safari ya watoto.

Kachukua spana, kairudia mashine ya watu.

Ajabu ni kwamba huyu kaniuma zaidi. Kaka Shomari alikuwa anauza. Huyu hakuwa na cha kupata. Alinitazama tu.

Jumanne, 10 Desemba

Nimekwenda kwa wazee wale wawili. Wamenikaribisha vizuri, kahawa, tende. Wote wamekubali: ndiyo, ubao mbovu ulitajwa, kwa sauti, wao walisikia. Mmoja akaongeza kwamba ilikuwa utani. Mwenzake kamwambia utani si uongo. Wakaanza kubishana wao kwa wao, kwa raha, kama vile mimi sipo.

Sina kesi. Nilichekelea hasara yangu mbele ya mashahidi.

Ijumaa, 20 Desemba

Mashine nimemuuzia mvuvi wa Mlingotini. Alitaka na boti. Alisema ataipaka rangi. Nilikaa na jambo hilo siku mbili, sitajidanganya, siku mbili nzima. Jana nimeita mafundi wawili, wameikata nyuma yote kwa msumeno, mchana, watu wakiangalia. Kaka Shomari alipita, akasimama kidogo, akaendelea na njia yake. Hatusemeshani.

Januari nitaanza kufundisha watoto wa jirani barazani, hisabati na kusoma. Mabenchi ya kuazima nimepata mawili.

Alasiri Maganga kapiga hodi. Mara ya kwanza tangu siku ile. Kaanzia mlangoni, kwa nguvu, kwamba watumwa wake wa Kizaramo siku hizi wamekuwa wavivu, bwana wao anakuja na hakuna wa kumpokea kofia. Kisha kanyamaza, anangoja. Ilikuwa zamu yangu.

Majibu yalinijia, tena mazuri. Nimemwambia karibu, Bwana Maganga, habari za nyumbani, mama watoto hajambo?

Uso ulimshuka. Kasema hajambo, wanashukuru. Nimempa kiti, nimemletea maji kwenye glasi za wageni. Tumezungumza habari za joto. Kanywa maji, kashukuru, kaaga kwa heshima, nami nimemsindikiza mpaka barabarani.