Mguu Mpya wa Lenzi Yako

Baba,

Mguu umepatikana. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza kama Mama anakula vizuri. Mama anakula. Mdogo wangu Gervas sasa ni padre, tangu Jumamosi, na nimempiga picha kwa lenzi yako ndefu kama ulivyokuwa umepanga kufanya wewe. Ngoja nikusimulie ilivyokuwa, maana haikuwa rahisi.

Wiki tatu kabla ya upadirisho nilivitoa vifaa vyako kwenye sanduku nifanye mazoezi. Studio iko vilevile, ila lile pazia la bluu nimelitoa, unisamehe, lilikuwa linafanya watu wote waonekane wagonjwa. Nikaiweka lenzi juu ya stendi, nikaielekeza kwenye duka la ng'ambo ya barabara. Kila nikigusa kamera, picha inatetemeka. Nikakaza kila kinachokazika. Wapi! Mwishowe nikaushika mguu wenyewe, kile kipande cha chuma chini ya lenzi kinachokaa juu ya stendi, ukacheza mkononi kama jino bovu.

Ingekuwa harusi ya kawaida ningepiga bila stendi, nikavumilia mkono kuuma. Lakini paroko unamjua. Mpiga picha hataki kumwona mbele wala katikati ya mabenchi, awe nani. Tunapanda roshani, nyuma kabisa ya kanisa, na kutoka kule lenzi nzito namna ile bila stendi inakupa ukungu mtupu. Na kuna ile picha uliyoisema mpaka tukachoka kukusikia: padre mpya anapowabariki wazazi wake. Ulisema wewe hutakuwemo, utakuwa juu na kamera, Mama atapiga magoti peke yake, watu watakusema na wewe hujali. Basi ukatutangulia, ikawa kweli Mama atapiga magoti peke yake. Picha ikawa yangu, na ile ni picha ya mara moja tu, huwezi kumwambia padre arudie.

Nikaenda kwanza kwa fundi wako wa kuchomelea, kule Misunkumilo. Akautazama mguu, akasema dakika tano tu, ataupiga moto. Nikaliangalia geti alilokuwa analimalizia, nikaona lilivyopinda, nikamshukuru nikaondoka na lenzi, mguu ukiwa bado umefungwa. Wewe mwenyewe ulisema yule ni wa mageti.

Ndipo nikampigia muuzaji wa Dar. Akanitumia picha za miguu ya aina tatu. Wa kwanza ni kama huu wako wa zamani, bapa chini, lazima uufungie pleti kwa skrubu moja ndipo ukae kwenye stendi. Ile pleti uliichukia mwenyewe, uzito wa lenzi ulikuwa unaizungusha taratibu mpaka inalegea katikati ya misa. Wa pili ni mfupi, una mifereji pembeni, unaingia moja kwa moja kwenye taya za stendi bila pleti. Huo ndio aliousifia, eti lenzi inakaa chini, imetulia. Lakini vidole havipiti kati ya mguu na lenzi, na sisi lenzi tunaibeba kwa mguu, tunaigeuza juu chini kama ndoo. Wa tatu una mifereji hiyo hiyo, ila ni wa juu na mrefu, unaweza kuusogeza mbele na nyuma mpaka kamera na lenzi vilingane uzito. Nikachagua huo. Akaniambia wa juu unatetemeka zaidi kidogo kuliko mfupi. Nikamwambia mimi nina vidole.

Akauliza lenzi ni ya zamani au mpya, kwa sababu zimetoka mbili za jina moja, kwa macho huwezi kuzitofautisha, lakini matundu ya skrubu za mguu yanapishana. Mimi najuaje, ulinunua kwa mtu. Akasema basi niufungue mguu, niuweke juu ya karatasi, niyatie alama matundu, nimtumie picha na rula pembeni.

Nikachukua kile kispana chako cha L, nikafungua skrubu nne. Mguu ulipotoka nikaona gundi ya chuma, imekauka ndani ya ufa, imesuguliwa kwa msasa vizuri kabisa. Juu yake kipande cha tyubu ya baiskeli, kimekatwa kwa mkasi kulingana na umbo la mguu. Kazi yako. Hakuna mtu mwingine Mpanda nzima anayekata tyubu kwa unadhifu wa namna hiyo.

Nikakaa chini, Baba. Ufa ule naujua. Niliuweka mimi.

Ni ile harusi ya Kakese uliyonituma peke yangu kwa mara ya kwanza. Niliisimamisha stendi kando ya shamba la mpunga, mguu mmoja wa stendi sikuukaza, nikakimbilia foleni ya pilau. Njaa tu, hakuna sababu nyingine. Niliposikia kishindo nikageuka na sahani mkononi, lenzi iko chini juu ya jiwe. Kioo kizima. Nikaifuta tope kwa kitenge, nikajiambia yameisha.

Jioni ukaniuliza kama ulivyokuwa unauliza baada ya kila kazi: "Vifaa vizima?"

Nikasema, "Vizima, Baba."

Ukaitikia, ukaenda kuoga.

Ni tangu kipindi kile ulianza kuweka kiganja cha kushoto chini ya lenzi, hata ikiwa imekaa kwenye stendi. Misa nzima umesimama, kiganja kipo pale pale. Nilidhani ni uzee. Nikakutania kabisa, nikakuambia lenzi si mtoto mchanga, haitalia ukiiachia. Ukacheka. Miaka miwili umeishikilia kwa sababu yangu, na mimi nacheka na wewe!

Nilikukasirikia, nisikufiche. Ungenigombeza yakaisha. Ungenikata hata posho. Nilizunguka studio siku nzima naongea peke yangu, nakulaumu wewe kwa kosa langu.

Mguu ulikuja na basi siku nne kabla ya misa. Skrubu zote nne ziliingia zenyewe. Nikausukuma mbele, nikaurudisha nyuma, mpaka nilipoachia mikono yote miwili na lenzi haikuinama upande wowote.

Jumamosi Gervas alilala kifudifudi pale mbele, litania ikaimbwa, mimi nikapiga kila kitu taratibu. Kisha akageuka kuwabariki wazazi. Baba, Mama alipiga magoti, halafu akasogea kidogo kushoto, akaacha nafasi ya mtu mmoja upande wa kulia. Gervas akaiona. Akamwekea Mama mikono kichwani, akambariki, halafu akageukia ile nafasi, akaibariki nayo. Nililia, lakini kamera haikutikisika. Ukiikuza picha unaona mpaka mafuta ya upadirisho yanavyong'aa viganjani mwake.

Kesho yake tulikuwa kule Kasansa kwa misa ya shukrani ya Gervas. Asubuhi nachambua mchele na Mama nikamweleza yote, Kakese, gundi, tyubu. Hakuacha kuchambua. Akasema, "Alijua siku ile ile. Alikuwa anasubiri umwambie mwenyewe."

Halafu akaniuliza kama maharage yameiva.

Basi nakuambia. Nimechelewa, lakini nakuambia. Lenzi niliiangusha mimi, Kakese, kwa ajili ya pilau, na ulipouliza nikakudanganya. Nisamehe. Mguu wa zamani sijautupa, uko kwenye droo na ule mpira wake. Na nakuahidi hivi: nikivunja kitu tena, atakayeuliza nitamwambia jioni hiyo hiyo, awe Mama, awe mteja, awe nani. Hakuna mtu wa kushika kitu kwa kiganja miaka miwili akinisubiri mimi.

Lala salama, Baba. Picha ya Mama nitaisafisha kubwa, itakaa pale lilipokuwa pazia.

Vifaa vizima. Safari hii ni kweli.

Mwanao,
Restituta